Damu ya nguruwe ilisomwa maabara, jina langu likasomwa kijijini

Wakuu, naanza na ujinga wangu, nisije nikaonekana mjanja mwanzoni halafu mkanikamata katikati ya uzi.

Kuna kipindi niliamini kwa moyo wangu wote kwamba mjini kuna mashine ambayo ukiitilia damu ya nguruwe aliyekufa, inatoa karatasi yenye jina la mtu aliyemuua.

Jina kamili. Na la baba yake.

Na sikuwa mtoto. Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, mke, binti anayesoma, na diploma ya serikali imening'inia ukutani. Niliamini kama ninavyoamini kwamba kesho jua litatokea upande wa Rwanda.

Haya, sasa salamu. Hamjambo nyote, wa bara na wa pwani. Mimi niko Bukavu, Kongo, na Kiswahili changu kina matope ya huku, mtanivumilia. Nina tabia ya kuongeza chumvi; mke wangu anaijua, padri anaijua. Nikiwaambia nguruwe wangu alikuwa mkubwa kama basi, punguzeni mpaka ibaki pikipiki. Lakini kilichonipata sijakiongeza hata punje. Natamani kingekuwa chai.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, nafanyia kazi Ibanda, hapahapa mjini. Yale mageti ya nyumba za wakubwa kule kwenye rasi, yenye mikuki juu na simba katikati, mengi yamepita mikononi mwangu. Mchana nilichomelea, jioni nilisoma. Diploma yangu ni ya masomo ya jioni na siifichi, hata mkinicheka.

Darasa letu lilijaa mpaka mwalimu wa biolojia alikuwa akifundisha akiwa amekalia dirisha, mguu mmoja ndani, mwingine barabarani. Umeme ukikatika, aliye mbele anaona ubao kwa tochi ya simu, wa nyuma anakopi kwa wa mbele, wa nyuma zaidi anakopi kwa wa nyuma.

Kuna dereva mmoja wa lori, mgongo kama kabati, aliandika kwamba moyo wa binadamu una vyumba vitano. Waliokaa nyuma yake wote mioyo yao ikawa na vyumba vitano. Mmoja wao akaongeza na la kwake: ini liko kushoto. Waliokopi kwake wakapata vyumba vitano na ini kushoto.

Mwalimu alikusanya kazi zetu, akasoma, kisha akatunyooshea kidole mmoja mmoja: weye ulikopi kwa huyu, weye kwa yule. Hakukosea hata mara moja. Nusu ya darasa tuliamini ana jini.

Mwekeni kiporo huyo mwalimu. Turudi kwa nguruwe.

Nyumbani kwetu kulikuwa Nyantende, huko Kabare, nje kidogo tu ya mji. Nimeandika "kulikuwa". Mtaelewa.

Mimi si mzaliwa wa pale. Nilizaliwa Minova, mji wa soko juu huko kwenye ziwa, unapanda boti Bukavu unashuka kule. Nyantende ni kwa wakwe zangu. Nilioa pale, nikajenga pale, nikazika mtoto wangu wa kwanza pale. Watu waliniita Papa Ketsia, kwa jina la binti yangu. Kwa miaka yote hiyo sikusikia mtu akiniita "mutu ya Minova". Hata mimi nilikuwa nimeanza kusahau.

Pale tulikuwa na chama cha wafugaji. Wanachama wengi, dume moja. Sisi huku nguruwe tunamwita ngurube, na yule ngurube dume tulimwita Kolonel. Hakuwa wa mtu, alikuwa wa chama. Wiki hii analala kwa huyu, wiki ijayo anapelekwa kwa yule, kamba mguuni, anatembea katikati ya barabara kama anakagua gwaride. Pikipiki zilimpisha. Nadhani hata askari wangempisha.

Jike lako likizaa kwa kazi ya Kolonel, mtoto mmoja unakirudishia chama, na chama kinampa mtu ambaye hana kitu. Nami nilianza hivyo. Nilipewa kanguruwe kadogo ndani ya kikapu, kanalia kama redio isiyoshika stesheni. Nikakaita Mademoiselle.

Mademoiselle alikula maganda ya muhogo, majani ya viazi, na machicha ya pombe kutoka kiwandani, akanenepa mpaka mke wangu akawa na wivu. Nilimchomelea kibanda chenye mlango wa chuma ambao gereza kuu lingeuomba kwa barua. Mwizi angekuja na tingatinga angerudi nalo limepinda.

Sikujua kwamba anayekuja haingilii mlangoni.

Ugonjwa wenyewe ni homa ya nguruwe ya Afrika. Huku watu wanasema pesti tu, na wote wanaelewa. Binadamu hadhuriki, hata akila. Nguruwe lakini anapata joto, masikio yanakuwa mekundu halafu yanakuwa kama damu iliyoganda, anakataa chakula, analala, amekwisha. Dawa hakuna. Ukiuona kwa jirani, unaanza kuwaangalia wako kama unawaaga.

Siku zile shangazi yangu alifariki Minova, nikaenda matanga. Nikazika, nikala na ndugu, nikarudi na gunia la maharage na sambaza wakavu, wale dagaa wa ziwa letu. Jioni ileile niliyofika, Maman Nsimire, jirani yangu ambaye jiko lake na letu yanaangaliana, alikuwa amesimama kwenye kibanda chake, mkono mdomoni. Jike lake limelala ubavu. Masikio mekundu.

Nilimwambia pole. Nikampa na sambaza kidogo, maana ndivyo tulivyoishi.

Kesho yake prezida wa chama, Papa Mushagalusa, alituita chini ya paa la shule. Ni mtu wa sauti. Akisema "bonjour" mbuzi wanatawanyika.

"Sikieni," akasema. "Zile zinasimama, muuze leo. Zile zimelala, mukule. Musinililie hapa."

Wakuu, msituhukumu haraka. Hii ni desturi ya wafugaji wote wa huku. Nguruwe akianza kukataa chakula kwa jirani, wewe unauza wako kabla hajakataa. Wachuuzi wanajua. Wanakuja na pikipiki bila kuitwa, kama nzi. Hawaulizi, nawe husemi. Nguruwe anafungwa kwa nyuma, miguu juu, anateremshwa mpaka bandarini, anapakiwa kwenye boti. Boti inapanda ziwa. Soko la Minova halijawahi kukataa nguruwe.

Siku ile Nyantende ilitoa nguruwe kama nchi inavyotoa wakimbizi. Waliuza wote. Prezida aliuza, Maman Nsimire aliuza wale wawili waliokuwa bado wanasimama.

Mimi sikuuza. Si kwa sababu nina roho safi. Mademoiselle alikuwa na mimba kubwa, tumbo linaburuza chini, na mimi nilishamhesabia Ketsia viatu, sketi na daftari kwenye tumbo lile.

"Papa Ketsia, uza," mke wangu akaniambia.

"Siuzi mama ya batoto."

"Utauza ngozi."

Hata ngozi sikuuza. Mademoiselle alikufa nyuma ya mlango wangu wa chuma, na watoto ndani yake. Nilimchimbia shimo mimi mwenyewe. Kolonel alikufa wiki hiyohiyo nyumbani kwa prezida, na nasema kweli watu walilia kuliko siku aliyokufa chifu.

Kijiji kikanyamaza. Hamjui kelele za nguruwe ni kitu gani mpaka zisiwepo. Asubuhi unaamka unadhani umekuwa kiziwi.

Ndipo wakaja watu wa maabara. Kiongozi wao mwanamke, daktari wa mifugo, tulimwita Dokta Esperansi. Alivaa lile vazi jeupe la kufunika mpaka nywele, akachukua damu kwa wale wachache waliokuwa bado wanapumua, akachukua vipande vya bandama kwa waliokufa. Alinifukulisha Mademoiselle wangu. Nilichimba nikiwa nimegeuza uso.

Kabla ya kuondoka akatueleza, polepole, bila majivuno.

"Hii virusi, kila inapozaa, inakosea kidogo. Kosa moja hapa, kosa moja pale. Makosa yale inabaki nayo, inawapa na batoto yake. Sisi tunasoma ile makosa. Tutasoma ya hapa, tutasoma ya masoko ya kandokando ya ziwa, na ile ya ngurube za pori zenye bawindaji ya Mwenga banaleta, sababu zile za pori zinabeba virusi bila kugonjwa. Tukilinganisha, tutaona njia yenye ilipita."

Tukapiga makofi. Akaingia kwenye gari. Vumbi lake halijatua, prezida akapanda juu ya benchi kututafsiria kile tulichokuwa tumekisikia wenyewe.

"Mumesikia? Ile njo ADN! Ile yenye banapimaka mwanaume mwenye anakana mimba! Inajua baba ya mutoto, itashindwa kujua muuaji ya ngurube? Jina itatoka! Itaandikwa!"

Maman Nsimire akauliza, "Jina ya ngurube?"

"Jina ya mutu, maman! Mutu mwenye alileta pesti!"

Wakuu, nawaambia ukweli: nilimwamini kuliko wote. Mimi mwenye diploma. Nilisimama nikawaelezea wengine kwa kirefu namna mashine inavyofanya, mashine ambayo sijawahi kuiona. Nilisema inachora hata sura. Sijui hiyo sura niliitoa wapi, ilikuja tu na ikapendeza.

Na nilikuwa na furaha. Wengine walianza kutazamana vibaya. Aliyepita karibu na kibanda cha mwenzake aliulizwa anatafuta nini. Mimi nilipiga mluzi. Nilikuwa najua sijaua nguruwe wa mtu. Nilimwambia mke wangu, hebu karatasi itoke upesi tumjue huyo mchawi, mimi mwenyewe nitamchomelea pingu.

Karatasi ilichukua muda. Maharage yangu ya Minova yaliisha, mvua zikaja, zikapungua.

Siku moja prezida akatuita tena chini ya paa la shule. Dokta alikuwa amempigia simu, hakuwa amemaliza kazi, lakini alitaka kutujulisha alipofikia.

"Dokta amesema," prezida akaanza, na kwa mara ya kwanza hakupiga kelele. "Ile ya pori iko mbali kabisa na ya kwetu. Haina udugu. Lakini ya hapa na ya Minova, zinafanana kama mapacha."

Sikuelewa mara moja. Nilikuwa bado nasubiri jina. Nilikuwa hata nimeinua shingo ili nilisikie vizuri.

Kisha nikaona shingo zote zimegeukia kwangu.

Maman Nsimire ndiye aliyesema. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alisema kama mtu anayekumbuka mahali alipoweka ufunguo.

"Papa Ketsia. Ile jioni ulitoka Minova, weye njo ulikuja kunipa pole. Ulisimama mu kibanda yangu. Na viatu."

"Maman Nsimire, nilikuta ile ngurube imelala!"

"Ulinipa na sambaza."

"Sambaza inakosa nini? Sambaza inaambukiza ngurube?"

Mtu wa nyuma akacheka. Mwingine akasema, "Mutu ya Minova, bongo tu," yaani uongo mtupu. Ndiyo mara ya kwanza nililisikia jina hilo pale, na lilitoka laini kabisa, kama lilikuwa tayari mdomoni siku nyingi linangoja nafasi.

Nikamgeukia prezida. Tulikuwa tumemtembeza Kolonel pamoja, mimi na yeye, kamba moja.

"Papa Mushagalusa, sema kitu. Weye unanijua."

"Papa Ketsia," akaniambia, "siye hatukushitaki. Ni sayansi."

Wakuu, kuna mambo mtu unaweza kubishana nayo. Mchawi akikutaja, unabisha. Mlevi akikutaja, unacheka. Lakini hii mimi mwenyewe nilikuwa nimewaeleza watu kwamba mashine haikosei. Nilikuwa nimewaambia inachora sura. Sasa sura ni yangu, nianzie wapi?

Niliondolewa kwenye chama palepale, kwa mikono kuinuliwa. Sikuhesabu. Niliangalia chini.

Na hapa ndipo pabaya zaidi. Nilirudi nyumbani nikaanza kuamini kwamba ni mimi.

Kweli kabisa. Nilikaa kitandani nikatafuta wapi nilimbeba huyo mdudu. Nilikumbuka kule matangani nilipita karibu na kibanda cha binamu yangu. Nilikumbuka matope ya bandarini. Nikachoma viatu vyangu vya matanga nyuma ya nyumba. Nikachoma na koti. Lile gunia tupu la maharage, mke wangu alilinyang'anya mikononi mwangu tayari nimeshika kiberiti.

Jumamosi nikaenda kuungama.

"Padri, nimeua nguruwe wa nusu ya Kabare."

Akauliza kutoka upande wa pili: "Uliwaua na nini?"

"Na viatu."

Nasikia mnacheka. Nami leo nacheka, ila nikimaliza kucheka mdomo unabaki na uchungu kama umetafuna kwinini.

Mke wangu alikuwa anauza maandazi njia panda. Watu wakaacha kununua. Hawakumtukana, waliacha tu. Alikuwa anarudi na beseni limejaa vilevile, tunakula maandazi asubuhi, mchana, na jioni, mpaka Ketsia akasema hataki tena kuona kitu cha mviringo. Na yeye shuleni walimwita "mutoto ya pesti". Kanisani, wakati wa kupeana amani, Maman Nsimire aligeuka akampa amani mtu wa benchi la nyuma yake.

Mke wangu ni wa pale. Nyumbani kwao, baba yake, mama yake, makaburi yao. Siku moja ndiye aliyesema, "Tuondoke."

Nilichukua chupa za gesi nikaukata mlango wa kibanda cha Mademoiselle. Niliutengeneza kwa siku nyingi, niliukata kabla chai haijapoa. Nikaubeba mjini. Leo uko kwenye nyumba moja kule kwenye rasi, unafungwa mbele ya mbwa.

Tukapanga chumba kimoja mjini, mahali ambapo jirani akikohoa wewe unasema pole. Mambo ya mji wetu wa sasa mnayasikia, sina haja ya kuyarudia. Tuliishi.

Baadaye sana, mwanamke mmoja aliingia kwenye karakana yangu akataka mlango wa chuma wa chumba cha mashine. Nikamwangalia. Bila lile vazi jeupe sikumjua. Yeye alinijua.

"Papa Ketsia? Nilikutafuta Nyantende, banasema umehama. Nilitaka kukuambia pole ya ile ngurube yako. Sampuli yake njo ilitusaidia kupita zote."

Nikaweka chini mashine. Nikamwambia, "Dokta, nisamehe. Niliileta mimi, na viatu. Sikujua."

Akaniangalia kama nimeongea Kichina. "Uliileta wapi?"

"Kutoka Minova. Si mulisema zinafanana?"

Wakuu, alitafuta kitu cha kukalia. Akakalia pipa la rangi.

"Zinafanana, ndiyo. Nilimwambia prezida yenu kama zinafanana na kama ningali nasoma. Sikiliza. Ile ya ngurube yako ilikuwa na makosa fulani, madogo, yenye hatukuyaona mahali pengine isipokuwa Minova. Ile ya Minova iko na yale makosa yote, halafu iko na mengine juu yake."

Nilisimama pale na miwani ya kuchomelea kichwani.

Vyumba vitano.

Sisi tulikuwa na vyumba vitano tu. Minova walikuwa na vyumba vitano na ini kushoto.

Mwenye kosa moja hawezi kuwa amekopi kwa mwenye makosa mawili. Nilikuwa nalijua hilo tangu darasa la jioni. Nilikuwa nalisimulia kwenye bia miaka yote, watu wanacheka. Na siku nilipolihitaji kichwa changu kilikuwa kinachora sura.

"Ya Minova ni mutoto wa ile ya kwetu," nikasema.

"Njo vile. Ilitoka kwenu ikaenda kule. Na tena ngurube ya maman yule jirani yako ilikuwa na ugonjwa tayari siku kadhaa kabla ya masikio kuwa mekundu. Weye ulikuwa ungali matanga."

"Na kwetu iliingia kupitia wapi?"

"Hatujue. Kuna pengo. Kuna ngurube zenye zilikufa mahali pengine na hakuna mutu alitupigia simu. Ya pori haiko, ile tuko na hakika. Lakini ile ya kwenda Minova, kuna mutu aliuzisha ngurube upande ule?"

Niliona pikipiki. Niliona miguu juu. Niliona boti. Kijiji kizima kilikuwa kimeipakia, na mtu mmoja tu ambaye hakupakia ndiye aliyefukuzwa kwa kuileta.

Nilipima mlango wake.

Alipokuja kuuchukua, aliniambia amerudi Nyantende akawaeleza yote, hatua kwa hatua, ubaoni. Nikamuuliza, kwa haraka kidogo, walisema nini.

"Walisikiliza vizuri sana."

"Halafu?"

"Halafu waliuliza kama kuna mradi wa kuleta ngurube zingine."

"Jina langu?"

Akafunga kitambaa chake vizuri. "Hakuna mwenye aliuliza."

Wiki iliyofuata nikapata ujumbe wa prezida. Ndiyo, Papa Mushagalusa mwenyewe. Ameandika: "Ndugu yetu mpendwa, chama kinaanza upya. Tunataka milango ya chuma kama ile yako. Tufanyie bei ya familia."

Bei ya familia.

Nimekutana na Maman Nsimire sokoni pia. Alinishika mikono yote miwili, akafurahi kabisa, akasema, "Papa Ketsia! Ile mambo iliisha, eh?" Iliisha kwake. Mimi binti yangu mpaka leo anawaambia watu kwetu ni Ibanda.

Kwa hiyo wakuu, nilichojifunza nakiweka hapa bila mapambo. Ukiambiwa vitu viwili vinafanana, uliza kipi kilitangulia kabla hujageuza shingo. Na wewe unayegeuziwa shingo, usiwe wa kwanza kujihukumu kwa sababu tu mtu ametaja sayansi. Mimi nilichoma viatu vizuri kabisa.

Kama wewe ni mfugaji, au unafanya hizi kazi za maabara, au uliwahi kubebeshwa kitu ambacho hukukibeba, andika hapo chini, hata ukitaka kunitukana andika. Nitasoma vyote. Na mkinishauri kuhusu ile milango nitashukuru, maana mke wangu anasema nitengeneze na mimi sijajibu ule ujumbe.

Nimebakiza kitu kimoja, nacho ni cha Dokta.

Siku ile ya kuchukua mlango, alipokuwa anaingia kwenye gari, nilimfuata. Nilimshika kioo. Nilimwambia sawa, nimeelewa makosa, nimeelewa mama na mtoto, sasa naomba aniandikie kwenye karatasi, na muhuri, lile jina ambalo mashine ilitoa. La yule aliyeileta Nyantende kwa kweli. Nitalipeleka mimi mwenyewe chini ya lile paa la shule, nitalisoma kwa sauti ya prezida.

Alizima gari. Hakucheka, namshukuru kwa hilo.

"Papa Ketsia," akasema, "ile mashine haijawahi kutoa jina ya mutu. Inasoma virusi, na virusi haijui mutu. Inajua ngurube tu."